Kuinuka Kutoka Kigodani

Kigoda kina miguu mitatu na kimeng'aa katikati kwa kukaliwa. Mzee amekikalia mgongo wima, mikono juu ya magoti, chini ya mwembe ulio jirani na jabali kubwa. Anatakiwa kuinuka, basi. Anavuta miguu nyuma, wa kulia kwanza, halafu wa kushoto, mpaka visigino vinagusa kigoda. Anaegemea mbele. Makalio yanaachana na kigoda kwa upana wa kiganja, na hapo hapo anatulia, hajakaa wala hajasimama, macho yametua mbali kwa namna ya mtu anayejaribu kukumbuka kama alifunga mlango wa nyumba. Kisha anarudi chini taratibu, bila haya wala haraka. Wenzake wawili hawamtazami. Wanajua, nao wanampa nafasi. Mara ya pili anapanda moja kwa moja hadi juu, anavuta pumzi, ananyoosha shati, anaangalia upande wa ziwa. Shughuli nzima imekula sekunde kumi na moja, na kwa filamu ya dakika kumi na mbili hizo ni nyingi.

"Kata," anasema mwongozaji kwa sauti ya chini. "Baba, ilikuwa nzuri. Tunaomba nyingine. Safari hii ukirudi chini usikiguse kigoda. Kikaribie tu."

Mzee anaitikia kwa kichwa na kukaa tena. Hakuuliza sababu, maana ameshaielewa. Akikigusa kigoda ameshindwa, na mtazamaji atacheka kushindwa kwake. Akisimama upana wa kidole kimoja kabla ya kukigusa, basi kurudi chini ulikuwa uamuzi wake mwenyewe, na mtazamaji atamcheka mtu anayejadiliana na magoti yake, wakakubaliana. Upana wa kidole ndio unaotenganisha dhihaka na ucheshi. Nilipoiona teki ya pili niligundua kwamba kazi yote iliyokuwa ikifanyika pale Mkolani, kuanzia kamera hadi mkasi wa mhariri, ilikuwa ni kuulinda upana huo.

Mkolani ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kandokando ya barabara ya Mwanza kwenda Shinyanga, ukishapita Nyegezi na kabla hujafika Buhongwa. Nyumba zimepangwa katikati ya mawe, nyingine zimeegemea mawe, na kuna vichochoro ambavyo jiwe ndilo lililoamua vipite wapi. Filamu inayopigwa hapa ni fupi, ya vichekesho, na kisa chake kinasimulika kwa pumzi moja. Wastaafu watatu hushinda kijiweni wakicheza drafti na kuhesabu maumivu. Anapita mwuza dawa na kipaza sauti chake, anauza chupa ya kurudisha ujana. Wanachanga, wanakunywa, na kesho yake wanaamka na nguvu ambazo hawakuwa nazo kwa miaka ishirini. Wanachukua majembe na kurudi kwenye ngoma waliyoiacha ujanani. Mwishoni mwuza dawa anarudi kuomba radhi: chupa aliyowapa siku ile ilikuwa ni tangawizi yake mwenyewe ya kulainisha koo. Wazee hawamsikii, kwa sababu ngoma inalia.

Ndani ya filamu hawana majina. Wanaitwa kwa kazi walizoziacha: Baharia, Fundi na Karani. Baharia alifanya kazi kwenye meli za ziwani, Fundi alihudumia mitambo ya kufuma katika kiwanda cha nguo cha Mwatex, na Karani aliandika mizani ya pamba katika Ushirika wa Nyanza. Mtu wa Mwanza mwenye umri akisikia kazi hizo tatu, hahitaji kuelezwa wazee hawa waliishi katika mji wa namna gani na nini kimeondoka. Mwandishi wa skripti amefanya jambo la busara kutoeleza. Amewaachia kazi zao, na kazi zimewapa mikono: Baharia hufunga kamba ya mbuzi kwa fundo la gatini, Fundi hugusa kila chuma kabla ya kukiamini, Karani hunyoosha vidole vyake kila anapotaka kutaja kiasi cha fedha.

Skripti yenyewe ina kurasa chache, na wazee hawakuikariri. Jioni za maandalizi mwongozaji, ambaye ni mwanamke mwenye umri wa kuwa binti yao, alikaa nao kwenye benchi, akawaamkia, akaitikiwa, wakaulizana habari za nyumbani kwa utulivu unaostahili, ndipo akawasomea tukio moja. Hakuwaomba warudie maneno. Aliwaambia nini kinatakiwa kitokee, halafu akanyamaza na kuandika wanavyosema. Mstari ambao baadaye ulichekesha kuliko yote haukutoka kwenye kalamu yake. Karani alikuwa akilalamika, ndani ya igizo, kwamba kitu kikishazeeka hakirudi. Baharia akamjibu kwamba meli ya MV Victoria ilianza kazi mwaka 1961, mwaka 2014 ikalazwa, watu wakaizika kwa maneno, na mwaka 2020 ikarudi majini kwenda Bukoba na rangi mpya. "Mimi nasubiri rangi tu," akasema. Mwongozaji hakucheka pale. Aliandika, akapigia mstari, akamwuliza kama angeweza kuisema akiwa anafunga kamba ya kiatu, bila kumtazama mtu.

Ombi hilo la kufunga kamba nimelifikiria sana. Mchekeshaji chipukizi akiwa na mstari mzuri huuleta mbele, huinua uso, huutua kwa mtazamaji na kungoja. Mzee huyu aliusema akiwa ameinama, kwa kiatu chake, na maneno "rangi tu" yalitoka pamoja na kukaza fundo. Mstari ukawa wa kwake, si wa hadhira.

Kamera ni ndogo, ya kawaida, ya wapiga picha za harusi. Nilitegemea ingesimamishwa kwenye tripodi kwa kimo cha mtu aliyesimama, kama inavyofanywa kwenye sherehe nyingi. Mwongozaji aliteremsha miguu ya tripodi pingili kwa pingili mpaka lenzi ikawa sawa na kifua cha mzee aliyekaa, akachuchumaa nyuma yake, akatazama, akashusha tena kidogo. Alinionyesha kwenye kioo tofauti iliyopo. Kamera ikiwa juu, mzee anaonekana kipara na mabega, mdogo, ametazamwa na mtu anayepita. Ikiwa chini kabisa ardhini, anageuka sanamu, na sanamu haichekeshi. Kwenye kimo cha kifua chake anakuwa mtu ambaye umekaa naye. Akiinuka, kichwa chake kinatoka nje ya picha, kwa hiyo kamera lazima iwe mbali vya kutosha ili mwili mzima ubaki ndani tangu kandambili hadi kofia.

Sharti la mwili mzima si jipya duniani. Buster Keaton, katika filamu zake za kimya za miaka ya 1920, alishikilia picha pana kwa sababu alijua kwamba anguko lililokatwa vipande halisadikiki. Mtazamaji anataka kuona miguu na uso kwa wakati mmoja. Lakini vijana wengi wanaotengeneza vichekesho vya simu leo hukimbilia uso: jicho limetoka, mdomo umepinda, sauti ya ajabu imewekwa juu yake. Uzee, hata hivyo, haukai usoni peke yake. Unakaa katika muda ambao mkono unachukua kufika kwenye fimbo, na muda huo hauonekani ukiwa umekaribia mno.

Waliowahi kuishi na televisheni na kanda za Kitanzania hawahitaji kufundishwa uzito wa jambo hili. King Majuto, Amri Athumani, aliyezaliwa Tanga mwaka 1948 na kufariki Agosti 8, 2018, alikuwa na jukwaa mwilini tangu utotoni. Alianza kuigiza mwaka 1958. Ila miaka ambayo taifa zima lilimtafuta, ambayo sura yake ilijaa kwenye makasha ya filamu, ilikuwa ni miaka ya uzee wake. Filamu ilimkuta akiwa babu na ikamfanya awe na shughuli kuliko vijana. Sielewi kwa nini jambo hilo halisemwi mara nyingi zaidi. Alicheza mzee mkali, mzee mpenda vijana, mzee mwongo, na katika wote hao hukuona mtu anayeuomba uzee msamaha. Alitembea kwa mwendo wake. Mzee Small, Said Ngamba, aliyetutoka Juni 7, 2014, alikuwa na ufundi mwingine, wa kusimama kimya mpaka mwenzake ajikwae na maneno. Na kwa jirani zetu Kenya, Benson Wanjau alivaa joho la Mzee Ojwang' katika kipindi cha televisheni cha Vitimbi kwa miongo kadhaa, mpaka umri wake mwenyewe ukamfikia mhusika aliyemwigiza.

Kuna namna nyingine ya kuigiza wazee, ile ya kijana kujipaka unga kichwani, kubandika ndevu za pamba, kupinda mgongo na kutetemesha sauti. Wapo wanaoifanya kwa ustadi, nami nimecheka. Ila mwili wa kijana unapojifanya mzee hutetemeka sana, kwa sababu kijana anadhani uzee ni kutetemeka. Wazee wa Mkolani hawatetemeki hata kidogo. Wao hupanga. Kabla Fundi hajashuka jiwe la hatua mbili, hulitazama, huchagua mguu, hutafuta pa kushika, ndipo hushuka, na akifika chini huendelea na mazungumzo kutoka neno lile lile alilosimamia. Mwongozaji alimwona akifanya hivyo wakati wa chai, nje ya kamera. Tukio la jiwe likaingizwa kwenye filamu siku hiyo hiyo.

Kazi ya sauti huanza mapema kuliko ya picha. Mwanza iko karibu sana na ikweta, jua linapanda kwa haraka, na mnamo saa nne asubuhi vivuli vya mwembe vimekuwa vikali kiasi kwamba macho ya mtu aliyevaa kofia yanapotea. Lakini hata kama mwanga ungeruhusu, upepo haungeruhusu. Asubuhi hewa imetulia, au inavuta taratibu kutoka nchi kavu kwenda majini. Ardhi ikishapata moto mkondo unageuka, upepo wa ziwa unapanda mlimani, majani yanaanza kuvuma na maikrofoni haina pa kujificha. Kijana wa sauti ameifunga maikrofoni kwenye mwanzi mrefu, ameivika sponji ya godoro, na juu ya sponji kipande cha manyoya kilichokatwa kwenye koti la zamani. Anaushika mwanzi juu ya vichwa vya wazee, mikono imenyooka, na hairuhusiwi kivuli chake kiguse paji la mtu. Kuna lori linalopanda kuelekea Usagara kila baada ya muda. Likisikika, mkono wake wa kushoto unainuka, watu wote wanasimamia walipo, lori linapita na muungurumo wake unafia Buhongwa, mkono unashuka, kazi inaendelea. Wazee walilizoea jambo hilo upesi kuliko vijana. Wanasimamia katikati ya sentensi na kuimalizia dakika nzima baadaye bila kubadili sauti.

Ugumu wa kweli ulikuwa kwenye jembe.

Ngoma wanayoirudia ni bugobogobo, ngoma ya kazi ya Wasukuma, iliyotoka mashambani ambako vikundi vya kulima vilipeana nguvu kwa wimbo na mdundo. Wachezaji huchezea jembe: hulizungusha, hulirusha, hulidaka, huligonga chini kwa pamoja. Ukienda Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, utaikuta ikichezwa na vijana wenye vifua vipana. Na msimu wa tamasha la Bulabo, kila Juni, wafuasi wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kuvuta umati kwa ngoma zao. Wazee hawa watatu wote waliicheza bugobogobo walipokuwa vijana, kabla ya meli, kiwanda na mizani ya pamba. Mwongozaji kwa kuwahurumia alitengenezesha majembe mepesi, mipini ya kweli lakini vichwa vya bati la debe lililokunjwa na kupakwa rangi ya chuma. Kwa macho hayana kasoro. Karani akalirusha moja, likageuka mara mbili hewani badala ya mara moja, likamtua begani.

Fundi akaliokota, akalipima mkononi, akalitia kwenye kiganja kulitafutia katikati. "Hili linadanganya mkono," akasema. Akaeleza, kwa utaratibu uleule ambao bila shaka aliwaelezea wanagenzi wake kiwandani, kwamba jembe la kweli ni zito mbele. Uzito huo ndio unaolirudisha. Ukilirusha, kichwa kinatangulia kuzunguka na mpini unafuata, kwa hiyo ukihesabu moja mpini unarudi mkononi wenyewe. Bati halina kichwa. Mpini ndio mzito, na mpini ukitangulia, hakuna anayejua utaishia wapi. Kisha akaongeza jambo ambalo nadhani ndiyo sababu tukio lile lina nguvu: mtu akishika kitu chepesi huku akijifanya ni kizito, bega lake linajulikana.

Yakaletwa majembe ya kweli. Yalipelekwa kwanza kwa fundi wa kuchomelea kando ya barabara, akayapitisha kwenye grainda mpaka ukingo wote ukawa butu na pembe zikawa mviringo, halafu kabari za mipini zikagongwa upya na kulowekwa usiku kucha ili mti uvimbe ushike. Asubuhi Fundi alivuta kila jembe kwa nguvu zake zote, kichwa dhidi ya mpini, akalikataa moja. Likagongwa tena.

Mazoezi ya kurusha yalianza chini sana. Baharia alisimama miguu imepanuka, jembe mkononi, akalirusha kimo cha kiganja tu, likageuka nusu, akalidaka. Tena. Tena. Hakuna ngoma, hakuna kamera, wasaidizi wamesimama nyuma ya jabali. Baada ya kitambo akapandisha hadi kiuno, akakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mkono wa mzee ulikuwa ukikumbuka, na haukupenda kuharakishwa. Kuna urefu fulani, usawa wa kifua, ambapo jembe huanza kupita mbele ya uso na mtu lazima aliache jicho lake lisilifuate. Jicho likilifuata, kichwa hurudi nyuma, mguu hufuata kichwa. Baharia alikosa hapo mara nyingi. Alipokosa, hakujaribu kulidaka kwa pupa. Alirudisha mguu, akaliacha lianguke, akaliokota, akafuta udongo kwenye mpini. Siku nyingine tena ndipo jembe lilipovuka utosi wake, likajigeuza mara moja juani na kurudi mkononi kwa mlio mkavu. Karani akapiga mluzi. Baharia mwenyewe hakuonyesha lolote. Akalirusha tena, kuhakikisha.

Waliporekodi, mpangilio ulifuata utaratibu wa ngoma zenyewe. Wanaanza wamekaa, wakiimba kwa namna ya wigashe, ambayo waimbaji wake hawainuki; mikono tu inatembea, mabega yanajibu. Hapo ndipo panapoingia zile sekunde kumi na moja za kigoda. Mwili unaotoka kwenye wimbo wa kukaa kwenda kwenye ngoma ya jembe unapaswa kuvuka mahali fulani, na mahali penyewe ni pale kwenye magoti. Mpiga ngoma, kijana wa hapo hapo mtaani, alitakiwa kushikilia mdundo mmoja bila kuupandisha muda wote ambao mzee ananing'inia kati ya kukaa na kusimama. Kwa mpiga ngoma hilo ni jambo zito. Mikono yake ilitaka kumsaidia mzee. Alipoambiwa asimsaidie, akauweka mdundo pale pale, chini, wa kungoja, na kuinuka kwa mzee ndiko kulikoupandisha.

Tukio la mwuza dawa lilipigwa kwa haraka, kwa kuwa mwigizaji wake ana kipaji cha mdomo na vipaza sauti vya aina hiyo tumevizoea wote.

Uhariri ulifanyika kwenye chumba kimoja chenye feni na dirisha lililozibwa kwa khanga mbili ili kioo cha kompyuta kisimulikwe na jua. Picha za filamu hii zinakwenda fremu 25 kwa sekunde, na mwongozaji hufanya kazi kwa fremu, si kwa sekunde. Msaidizi wake, ambaye ni hodari na ana macho mazuri, alipendekeza sekunde za kigoda zifupishwe: iongezwe kasi kidogo, au ikatwe katikati, mzee aruke kutoka chini hadi juu kwa mlio. Ndivyo klipu nyingi zinavyofanywa, alisema, na ni kweli. Mwongozaji hakubishana. Aliitengeneza namna hiyo, wakaitazama pamoja. Kisha akaiweka ile ndefu, wakaitazama. Katika ile fupi, mzee ni kikaragosi na mlio ndio unaochekesha. Katika ile ndefu kuna jambo linatokea mnamo sekunde ya nne: mtazamaji anaanza kumwombea. Anamwombea asimame. Anapokirudia kigoda bila kukigusa, kicheko kinatoka kwa mtu ambaye tayari yuko upande wake. Msaidizi mwenyewe ndiye aliyeifuta ile fupi.

Kazi ngumu zaidi ya mkasi ilikuwa kwa wasiofanya kitu. Baharia anapolirusha jembe mara ya kwanza, picha inamwacha na kwenda kwa Karani, ambaye anakunywa kahawa. Karani anafuata jembe kwa macho likipanda, anayashusha likishuka, anarudisha kikombe mdomoni. Hiyo tu. Picha ikikatwa mapema, hatuoni macho yakishuka na hatujui kama jembe limedakwa. Ikichelewa, tunamwona Karani akiwaza kuhusu kamera. Mwongozaji alisogeza mkato huo mbele na nyuma mchana kutwa, fremu nne huku, mbili kule, akifumba macho na kusikiliza kabla ya kutazama. Mwishowe akaukata pale kikombe kinapogusa mdomo, kabla hajameza. Nilipouona mkato ule nilicheka kwa sauti, ilhali nilikuwa nimeutazama tangu asubuhi.

Onyesho la majaribio lilikuwa kwenye kibanda cha video, palepale Mkolani, ambapo jioni nyingine huonyeshwa mpira. Mabenchi yalijaa watoto, mama wenye watoto, vijana wa bodaboda walioegesha nje, na wazee watatu wakiwa mstari wa mbele wamevaa mashati ya kupiga pasi. Mwongozaji hakuitazama filamu yake. Alikaa kwenye ndoo chini ya kioo, mgongo kwenye picha, uso kwa watu, daftari gotini, akiandika sekunde ambazo walicheka na sekunde ambazo alitarajia wacheke wakakaa kimya. Kwenye kigoda, mama mmoja alisema "Inuka, baba!" kabla ya kibanda chote kulipuka. Kwenye mstari wa MV Victoria ikatokea hitilafu ambayo hakuna aliyeiona chumbani: watu walicheka sana kuhusu rangi hata jibu la Fundi, ambalo ni zuri, halikusikika kabisa.

Kesho yake alifungua kazi na kutafuta sekunde moja na nusu za kuweka katikati ya maneno ya Baharia na jibu la Fundi. Hakutaka kurefusha kwa kuigandisha picha. Alipekua teki zote za asubuhi ile mpaka akampata Karani akifukuza nzi kwenye ubao wa drafti, kwa mkono wa kushoto, bila kusudi la kuigiza. Zilikuwa fremu 38. Zikakaa pale bila kovu.

Wazee waliitwa waione. Karani aliridhika. Baharia aliomba apunguziwe mahali anapotabasamu, kwa kuwa aliona tabasamu lile linamwomba mtu kitu, na mwongozaji akaandika. Fundi alikaa kimya hadi mwisho, akaomba irudishwe pale majembe matatu yanapogonga chini kwa pamoja. Akasikiliza. Akaomba tena.

"Mayu, huu mlio si wa hapa," akasema, akimwita mwongozaji mama kwa Kisukuma. "Hapo jembe limepiga udongo mkavu. Hapa kwetu kuna changarawe chini, chuma kinajibu."

Ni kweli kwamba sauti ile ilikuwa imechukuliwa uani kwa msaidizi, siku ambayo lori zilizidi. Mwongozaji hakusema hivyo. Aliuliza tu kama kesho saa kumi na mbili na nusu ni mapema mno. Fundi akamwambia saa kumi na mbili kamili, kabla ya lori, na waje na jembe lile alilolikataa mwanzo, maana limeshakaza.